Mkanda Unaokufa Mapema

Masomo ya Watu Wazima kwa Redio: Somo la 7

Kama mko katika kikundi, mmoja wenu asome kwa sauti na mwingine akae na kalamu, kwa maana leo kuna vipimo vya kuandika.

Katika somo lililopita tuliitazama injini: mafuta yake, chujio lake na plagi yake. Leo twaifuata nguvu ya injini inakokwenda. Kabla haijafika kwenye meno ya msumeno, nguvu hiyo yote hupita katika kitu kimoja chembamba cha mpira na nyuzi, ambacho bei yake ni ndogo kuliko karibu kila kitu kingine katika mashine. Kitu hicho ni mkanda.

Wapasuaji wa mbao wana lalamiko moja juu ya mkanda. Husema, "Mikanda ya siku hizi ni mibovu. Nimefunga mpya Jumatatu, Ijumaa umekatika." Huenda mara nyingine ni kweli, maana mikanda mibovu iko madukani. Lakini mtu akifunga mkanda wa tatu katika mashine ile ile, nao ukafa kwa muda ule ule, yafaa aache kuushutumu mkanda na aanze kuichunguza mashine. Mkanda uliochaguliwa vizuri na kufungwa sawasawa hufanya kazi mamia ya saa. Ukifa katika siku nne, kuna kitu kinachoula, na kitu hicho hakiondoki kwa kununua mkanda mwingine.

Wala hasara si bei ya mkanda peke yake. Mkanda ukikatika, injini ni nzima na gogo liko tayari juu ya reli, lakini watu wanne wamekaa bila kazi, lori la mteja linangoja, na duka la vipuri liko mjini, safari ya nusu siku. Mara tatu kwa mwezi namna hiyo, na faida ya kikundi imekwisha.

MASHINE YENYEWE

Tuchukue mashine inayojulikana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, kule Mufindi na Njombe, ambako mipaina imepandwa ekari maelfu kwa maelfu, na ambako liko shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali. Huko mbao nyingi hupasuliwa kwa msumeno wa mviringo, katika mashine ndogo ambazo wenyeji huziita dingidongi. Lakini wapo sasa wanaotumia mashine nyingine, ambayo msumeno wake ni utepe mwembamba wa chuma wenye meno, unaozunguka juu ya magurudumu mawili. Gogo hulala chini, na kichwa cha mashine, pamoja na injini yake, husukumwa juu ya reli kulipita gogo. Mashine hii huweza kuvutwa na gari mpaka msituni.

Faida ya utepe ni wembamba wake. Msumeno wa mviringo waweza kula milimita 6 za mti kila ukipita, na utepe hula kama milimita 2. Ukipita mara 10, wa kwanza umegeuza milimita 60 za gogo kuwa vumbi, wa pili milimita 20. Tofauti ni milimita 40, yaani zaidi ya ubao mmoja wa inchi moja. Kwa sababu hiyo watu huinunua mashine hii, na kwa sababu hiyo yafaa waijue.

Tusichanganye maneno. Leo nikisema "msumeno", nasema ule utepe wa chuma wenye meno. Nikisema "mkanda", nasema mkanda wa mpira unaotoka kwenye puli ya injini kwenda kwenye puli ya gurudumu la msumeno.

MKANDA HUSHIKAJE?

Ukate mkanda wa zamani kwa kisu, uutazame pale ulipokatwa. Utaona umbo la herufi V iliyokatwa ncha: juu mpana, chini mwembamba. Karibu na mgongo wake utaona nyuzi ngumu. Nyuzi hizo ndizo zinazovuta; mpira ni nyama tu ya kuzishikilia.

Watu wengi hudhani kwamba mkanda hukaa chini kabisa katika mfereji wa puli na kushika hapo. Hasha! Mkanda hushika kwa mbavu zake mbili. Ifikiri kabari ya kupasulia kuni. Ukiigonga, hubana pande zote mbili, na kadiri inavyozidi kuingia ndivyo inavyozidi kubana. Mkanda nao ni kabari. Ukivutwa, huingia katika mfereji na kubana kuta zake. Chini ya mfereji lazima pabaki nafasi. Mkanda ukigusa chini, haubani tena. Huteleza kama kamba juu ya chuma.

Na kuteleza huleta joto. Joto ndilo adui mkubwa wa mpira. Watengenezaji wa mikanda wana kanuni moja ya kukadiria: joto la ndani ya mkanda likizidi kwa digrii 10 za sentigredi, umri wake hupungua kwa nusu. Tuseme mkanda wako ungeishi saa 800. Joto likizidi digrii 10, utaishi saa 400. Likizidi 20, utaishi saa 200. Hujaukata kwa kisu wala hujaumwagia mafuta, umeupika tu.

KABLA YA KUSHIKA KITU CHOCHOTE

Mambo tutakayosema sasa hufanywa injini ikiwa imezimwa. Zima, ngoja msumeno usimame kabisa, kisha toa ufunguo. Kama ni injini ya petroli, chomoa na waya wa plagi. Mkanda unaozunguka hauna huruma: hushika kidole, ncha ya kanga au mkono wa shati, na kuupeleka kwenye puli kabla hujapata nafasi ya kupiga kelele. Usiondoe vumbi la mbao mkanda ukizunguka, hata kwa kijiti. Kinga ya mkanda ikifunguliwa kwa kazi, irudishwe kabla ya kuwasha. Mtu akikuambia kwamba kinga inamchelewesha, mwulize vidole vyake anavihesabu shilingi ngapi.

USIUTUPE MKANDA ULIOKUFA

Dalili ya mvua ni mawingu, na mkanda nao huacha dalili. Kabla ya kuutupa, ufute, uushike mchana kweupe, uuzungushe mkononi polepole. Tazama mambo haya.

Mbavu zikiwa zinang'aa kama kioo na zimekuwa ngumu, mkanda ulikuwa ukiteleza. Mara nyingi ulikuwa umelegea.

Ubavu mmoja ukiwa umelika kuliko mwingine, au ukikuta unga mweusi wa mpira umetapakaa upande mmoja ndani ya kinga, puli mbili hazikuwa katika mstari mmoja.

Ukiona mahali pamoja tu palipoungua au kuliwa, na kwingine mkanda ni mzima, basi siku moja msumeno ulikwama katika gogo, na puli ya injini ikaendelea kuzunguka juu ya mkanda uliosimama.

Tumbo likiwa na nyufa nyingi zinazokatiza, mkanda umekauka kwa joto, au umezeeka, au hupindwa mno kwenye puli iliyo ndogo kuliko inavyotakiwa.

Mpira ukiwa laini, umevimba na unanata, umekunywa mafuta, grisi au dizeli.

Na mkanda uliokatika ghafla ungali na sura mpya, au unaopinduka mgongo chini ndani ya mfereji, mara nyingi uliumizwa siku ya kufungwa. Mtu aliuingiza kwa nguvu kwa bisibisi, nyuzi za ndani zikakatika upande mmoja. Nje hapaonekani kitu. Ndani umekwisha vunjika.

Sasa tuzitazame sababu hizi moja moja.

MKANDA ULIOLEGEA NA MKANDA ULIOKAZWA MNO

Mkanda mpya hunyoka kidogo katika saa zake za kwanza, na mbavu zake hujitengenezea makao katika mfereji. Kwa hiyo mkanda uliokazwa sawasawa asubuhi waweza kuwa umelegea jioni. Kosa la wengi ni kuufunga, kuusahau, na kuukumbuka ukilia.

Kipimo ni hiki. Mwenye kalamu na aandike. Pima urefu wa mkanda ulio hewani, kutoka pale unapoachana na puli moja mpaka unapoigusa ya pili. Katikati ya hapo ubonyeze kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha mashine. Mkanda ushuke milimita 16 kwa kila mita moja ya urefu. Kama urefu ni nusu mita, ushuke milimita 8. Ukishuka zaidi, umelegea. Ukishuka kidogo mno, umekazwa kupita kiasi. Ili uone vizuri, vuta uzi ulionyooka juu ya puli zote mbili, upime kwa rula umbali kutoka uzi mpaka mgongo wa mkanda. Nguvu ya kubonyeza waweza kuipima kwa mizani ndogo ya ndoana, ile ya kupimia samaki au nyama, ukiuvuta mkanda badala ya kuubonyeza.

Wako wanaosema, "Mimi nitaukaza sana, usiteleze kamwe." Hapo wamehamisha msiba tu. Mkanda uliokazwa mno huvuta beringi za injini na za gurudumu usiku na mchana, hata mashine ikiwa imelala. Beringi hupata joto, joto huja kwenye puli, na puli humpikia mwenye mashine mkanda wake. Isitoshe, beringi ni ghali kuliko mkanda.

Baada ya kazi, mashine ikiwa imezimwa na kusimama kabisa, gusa puli kwa uangalifu. Kama huwezi kuutuliza mkono hata kwa muda mfupi, joto limefika kama digrii 60, nalo ni la kutia shaka. Tafuta sababu siku hiyo hiyo.

PULI ZISIZO KATIKA MSTARI MMOJA

Hapa, ndugu zangu, pana ugonjwa unaofichika kuliko yote, kwa sababu mashine huendelea kukata vizuri huku mkanda unaliwa.

Chukua uzi wa mwashi au ubao mrefu ulionyooka kabisa. Uweke ubavuni mwa puli zote mbili. Kama kingo za puli zina unene ule ule, uzi hugusa mahali pa nne: pawili katika puli ya injini, pawili katika puli ya gurudumu. Ukigusa patatu tu, puli moja imepinda. Ukigusa pawili katika puli moja, na pana nafasi katika puli ya pili nzima, puli moja imetoka nje au imeingia ndani. Kwa mkanda wa namna hii tofauti isizidi kama milimita 8 kwa kila mita ya umbali kati ya shafti mbili. Kwa nusu mita, ni milimita 4 tu.

Mbona puli zilizokuwa sawa zikawa kombo? Sababu ya kwanza ni kule kukaza kwenyewe. Katika mashine nyingi injini imefungwa kwa bolti nne katika matundu marefu, na mkanda hukazwa kwa kuisogeza injini nyuma. Unapozungusha bolti ya kukazia, injini huvutwa upande mmoja zaidi kuliko mwingine, ikageuka kidogo. Nawe umeridhika kwamba mkanda umekaza! Kwa hiyo kumbuka: pima mstari baada ya kukaza, wala si kabla tu. Kisha funga zile bolti nne, halafu pima tena, maana bolti nazo zikifungwa husogeza injini.

Sababu ya pili ni safari. Mashine hii huvutwa kutoka kitalu hata kitalu, katika njia za mawe na mashimo. Mtikisiko hulegeza nati. Basi kila mashine ihamishwapo, uzi utoke mfukoni kabla ya gogo la kwanza kupandishwa.

Sababu ya tatu ni puli iliyolegea juu ya shafti yake, au beringi iliyokwisha. Shika puli kwa mikono miwili, uitikise huku na huku. Ikicheza, hakuna mstari utakaodumu.

PULI ILIYOLIKA

Chuma nacho hulika. Vumbi la mbao likichanganyika na mchanga wa magamba hufanya kazi kama msasa. Polepole kuta za mfereji, zilizokuwa zimenyooka, hubonyea ndani kama kijiko. Mkanda mpya ukifungwa humo, huzama, hugusa chini, na kuteleza. Mwenye mashine huukaza zaidi, unazidi kuteleza, anaukaza tena, mwisho beringi zinalia pia.

Tazama mambo mawili. Kwanza, chini ya mfereji pakiwa panang'aa, mkanda umekuwa ukigusa hapo, nao haukupaswa kugusa. Pili, weka ukingo wa rula fupi kwenye ukuta wa mfereji. Mwanga ukipenya katikati, ukuta umebonyea. Ukizidi kubonyea milimita moja, au hata kukaribia kipimo hicho, puli hiyo ibadilishwe. Najua, puli ni ghali. Lakini hesabu ni mikanda mingapi imekula mwaka huu, utaona kwamba bei yake umekwisha ilipa, na puli hujaipata.

MSUMENO BUTU HUUA MKANDA

Sasa natoka kwenye mkanda wenyewe, kwa sababu wakati mwingine mwuaji hayuko karibu na maiti.

Meno ya msumeno yakiwa butu, gogo lile lile hutaka nguvu nyingi zaidi. Nguvu hiyo yote hupita katika mkanda. Msukumaji naye, akiona mashine imekuwa nzito, huisukuma kwa kifua. Mkanda huteleza kidogo kila ubao, bila kulia, bila moshi. Joto linapanda tu. Mwisho wa juma mkanda umekufa, na wote wanautazama mkanda.

Mafundi wengi huubadili msumeno baada ya saa moja mpaka mbili za kukata, wakautia makali. Gogo lililoburutwa ardhini kwa trekta au kwa ng'ombe lina mchanga katika magamba, na mchanga huua makali katika dakika chache. Lifagie, au libandue magamba pale msumeno unapoingilia. Dalili ya kuwa msumeno umechoka ni ubao wenye mawimbi. Ukiona mawimbi, usisukume zaidi. Simama, badili msumeno.

Utomvu wa mpaina nao hung'ang'ania msumeno na kuufanya mzito. Wapasuaji hudondosha maji kidogo juu ya msumeno, wengine wakatia na sabuni kidogo. Ni vema. Lakini maji hayo yawe ya msumeno tu. Yakirukia mkanda, utateleza.

Na msumeno ukikwama je? Hapo sekunde ndizo zenye thamani. Tuseme injini yako ina nguvu za farasi 15, yaani kama kilowati 11. Robo yake tu ni zaidi ya jiko la umeme la sahani moja lililowashwa mpaka mwisho. Msumeno ukisimama na puli ikiendelea kuzunguka, moto wa jiko hilo wote huingia katika kipande cha mkanda kisichozidi urefu wa kiganja. Basi msumeno ukikwama, punguza mafuta mara moja, uzime, kisha ndipo utafute kabari. Mkiwa wawili, mpatane tangu mapema ni nani mwenye kuzima.

Mashine nyingine hazina klachi; mkanda wenyewe ndio klachi. Kuna mkono wa chuma ambao ukiuvuta, puli ndogo huubana mkanda na msumeno huanza kuzunguka. Vuta mkono huo injini ikiwa katika mwendo wa polepole, uuvute mpaka mwisho, kisha ongeza mwendo. Kuuvuta nusunusu, kama dereva anayekanyaga klachi nusu mlimani, ni kuuchoma mkanda kwa makusudi. Na kwa zile zenye klachi inayoshika kwa mwendo, usikate injini ikiwa chini ya mwendo wake, kwa sababu klachi hiyo huteleza, hupata moto, na puli iliyo juu yake huupeleka moto kwa mkanda.

DAWA ZISIZO DAWA

Mkanda ukilia, wengine huupaka sabuni, wengine utomvu, wengine mafuta ya breki. Kelele hunyamaza kwa saa moja. Lakini mafuta huulainisha na kuuvimbisha mpira, na kinachonata hukusanya vumbi mpaka mfereji unajaa. Mkanda unaolia ni kama mtoto anayelia: usimzibe mdomo, mtazame anaumwa wapi. Mkanda mchafu ufute kwa kitambaa kikavu. Vumbi la mbao ulitoe ndani ya kinga kila jioni, maana likijaa huzuia hewa ya kupoza.

Jambo jingine ni aina ya mkanda. Herufi na tarakimu zilizoandikwa mgongoni si pambo. Mkanda wa herufi A una upana wa milimita 13 juu. Wa B una milimita 17. Wa C una milimita 22. Mkanda wa A katika mfereji wa B utazama. Tena kuna mikanda ya kazi nyepesi, ya mashine za bustani na feni, ambayo kwa upana inafanana kabisa na ile ya kazi nzito, lakini nyuzi zake ni dhaifu. Usinunue kwa kupima kwa macho. Nenda na ule wa zamani dukani, na namba iliyo katika kitabu cha mashine.

Kama mashine yako ina mikanda miwili ubavu kwa ubavu, ibadili yote miwili pamoja, ya aina moja na kiwanda kimoja. Mpya ukifungwa pamoja na mzee, mpya ni mfupi kidogo, nao utabeba mzigo wote peke yake. Utakufa kwanza, na watu watasema mikanda mipya ni mibovu.

JINSI YA KUFUNGA MKANDA MPYA

1. Zima, toa ufunguo, ondoa kinga.

2. Legeza bolti za injini na bolti ya kukazia, uisogeze injini mpaka mkanda wa zamani utoke kwa mkono.

3. Futa mifereji, utazame kuta zake, tikisa puli zote mbili.

4. Vika mkanda mpya kwa mkono. Kama hauingii, sogeza injini zaidi. Bisibisi ibaki mfukoni.

5. Kaza kwa kipimo, nyosha kwa uzi, funga bolti, nyosha tena kwa uzi.

6. Rudisha kinga, washa, acha mashine izunguke bila gogo kwa muda, kisha ifanye kazi nyepesi kama nusu saa. Zima, pima, kaza tena. Rudia baada ya siku moja ya kazi, na mara nyingine baada ya mbili au tatu. Baada ya hapo, pima kila juma.

Mkanda wa akiba uuweke kivulini, mahali pakavu, mbali na dizeli na betri. Usiukunje kwa nguvu wala usiutundike kwenye msumari mwembamba.

DAFTARI

Neno la mwisho. Nunueni daftari moja dogo, likae katika sanduku la spana. Kila mkanda ukifungwa, andikeni tarehe na herufi zake. Kila siku andikeni saa za kukata. Mkanda ukifa, andikeni umeishi saa ngapi na dalili mlizoziona: mbavu zinang'aa, au umelika upande mmoja, au umeungua mahali pamoja.

Kikundi kisicho na daftari kila mara huanza upya: kila mkanda uliokatika ni ajali, na kila mtu ana maneno yake, huyu anamlaumu mwenye duka, yule anamlaumu msukumaji. Kikundi chenye daftari, baada ya mikanda mitatu, hakina la kubishania. Kitaona kwamba yote mitatu ililika upande wa kushoto, kitachukua uzi, kitaikuta injini imegeuka, na kwa kazi ya nusu saa kitamaliza hasara ya mwaka mzima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mkanda haupaswi kugusa chini ya mfereji?

2. Urefu wa mkanda ulio hewani ni sentimita 75. Ukibonyezwa sawasawa katikati, ushuke milimita ngapi?

3. Mkanda umeungua mahali pamoja tu. Kumetokea nini, na nani alipaswa kufanya nini?

4. Katika mashine yenu, ni nani mwenye kuzima injini msumeno ukikwama? Kama hamjapatana, patanenī leo kabla ya kuondoka.

5. Mashine yenu imekula mikanda mingapi tangu mwaka kuanza? Kama hakuna anayejua kwa hakika, daftari linunuliwe kesho.

Jibu la swali la pili ni milimita 12. Katika somo lijalo tutazungumza juu ya kuutia msumeno makali na kuyapanga meno yake, kwa sababu, kama tulivyoona leo, umri wa mkanda mara nyingi huamuliwa na meno. Mpaka hapo, fanyeni kazi kwa salama. Kwaherini.